Ukiwa na Siku Moja tu Panama: Ubaki Jijini au Uvuke Hadi Colón?

"Ami, nitakuwa Panama kutwa moja, usiku naunganisha ndege. Niende wapi?" Swali hili nimeshalijibu kwa simu mara kadhaa, mara ya mwisho kwa mpwa wangu aliye baharia, na kila nikilijibu salio huisha kabla ya maneno. Basi naliandika hapa, anayelihitaji alisome kwa nafasi yake.

Sisemi na anayetafuta ufuo wa kuogelea wala maduka. Nasema na mtu anayetaka kusimama pale mambo yalipotendeka: Wahispania walivyoitwaa nchi, nchi ilivyopata uhuru (mara mbili, tena kwa vituko), na mfereji ulivyochimbwa. Mambo hayo yametawanyika kwenye pwani mbili. Upande wa Pasifiki kuna Jiji la Panama, lenye magofu ya mji wa kwanza, mji mkongwe wa Casco Viejo na malango ya maji ya Miraflores, yale yanayopandisha na kushusha meli mferejini. Upande wa Atlantiki kuna Colón, na kando yake Portobelo, ngome ya San Lorenzo na malango ya Gatún. Pwani hadi pwani ni kama kilomita 80 tu, na barabara kuu ni nzuri, ndiyo maana watu hudhani wataviona vyote kwa siku moja. Hawavioni. Wanaona barabara.

Halafu usilitegemee jua likuonyeshe njia. Nchi imejikunja kama herufi S iliyolazwa, na mfereji haukati mashariki kwenda magharibi kama wengi wanavyofikiri. Meli inayotoka Atlantiki kwenda Pasifiki hutokea mashariki zaidi ya ilikoingilia. Ukiamka alfajiri jijini utaliona jua likichomoza juu ya Pasifiki, bahari tuliyofundishwa kuwa iko magharibi.

Walivyoitwaa nchi

Ukibaki jijini, hadithi hii utaipata Panamá Viejo. Mji ule ulianzishwa tarehe 15 Agosti 1519 na gavana Pedrarias Dávila, na ndio mji wa kwanza wa Wahispania kwenye pwani ya Pasifiki ya Amerika. Miaka sita kabla yake, Vasco Núñez de Balboa alikuwa ameivuka nchi akiongozwa na wenyeji, akaiona bahari ile Septemba 1513. Shukrani yake ilikuwa upanga: Pedrarias alimkata kichwa mwaka 1519, mwaka uleule wa kuanzishwa mji. Aliyetumwa kumkamata ni Francisco Pizarro, yule ambaye baadaye alitumia Panama kama gati la kuondokea kwenda kuivunja dola ya Inka. Januari 1671 haramia Henry Morgan, mtu wa Wales, akaushambulia mji, ukateketea, na Wahispania wakahamia kwenye rasi iliyo kilomita chache kusini-magharibi. Makao hayo mapya ya mwaka 1673 ndiyo Casco Viejo ya leo.

Kilichobaki Panamá Viejo ni kuta, misingi, daraja la mawe na mnara wa kanisa kuu unaoweza kuupanda. Bustani imetunzwa, maelezo yameandikwa vizuri, na nyuma yake maghorofa ya kioo yamesimama kama yanachungulia. Ni mahali pazuri kwa picha. Lakini mimi, nikiwa na saa mbili zangu pale, sikusikia kitu. Mawe yamefutwa vumbi mno.

Portobelo ni habari nyingine. Columbus aliiingia ghuba ile mwaka 1502, na jina "bandari nzuri" linatokana na yeye. Mji wenyewe ulianzishwa 1597, na toka hapo ikawa mlango wa kutokea wa madini ya fedha ya Amerika Kusini. Fedha ilichimbwa milimani Potosí, ikaja kwa meli hadi Panama, ikabebwa na misafara ya nyumbu kuvuka msitu hadi Portobelo, kisha ikapakiwa kwenye majahazi makubwa ya Hispania. Msimu wa maonyesho ya biashara ulipofika, vipande vya fedha vilirundikwa njiani kama matofali. Jengo la Forodha ya Mfalme, lililojengwa 1630, bado lipo pale katikati. Neno forodha linanipendeza hapa, kwa sababu mtu wa Mombasa au Unguja akisimama mlangoni pale haelezwi kitu. Mzigo unaingia upande huu, karani anahesabu, mfalme anachukua chake, mzigo unatokea upande ule baharini. Forodhani ni forodhani.

Kisha zitazame ngome. Ziguse. Kuta za Santiago na San Jerónimo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa baharini, yaleyale yenye vitundu na alama za viumbe wa bahari ambayo sisi tumekulia tukiyaegemea. Na si kwa sadfa tu. Ngome za mwanzo za Portobelo zilichorwa na Mtaliano Battista Antonelli, mhandisi wa Mfalme Philip wa Pili wa Hispania. Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilianza kujengwa 1593 kwa mchoro wa Mtaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati, chini ya Philip huyohuyo, maana wakati huo taji la Ureno lilikuwa kichwani mwake pia. Mfalme mmoja, Wataliano wawili, matumbawe ya bahari mbili. Nilipolijua hilo nilikaa juu ya mzinga mmoja uliokula kutu (iko mingi pale, imelala ikielekea ghubani kana kwamba bado inamngoja mtu) nikacheka peke yangu. Ngome unazoziona leo nyingi ni za karne ya 18, baada ya Mwingereza Edward Vernon kuuteka mji kwa meli sita mwaka 1739 na kuzibomoa zile za kwanza. London wakafurahi hadi wakaita barabara kwa jina la Portobelo.

Ila kinachonirudisha Portobelo si ngome, ni watu. Nyumbu wa fedha waliongozwa na Waafrika waliofanywa watumwa, na wengi wao waliingia msituni. Wahispania waliwaita cimarrones. Sisi tuna neno letu, watoro, na wanaojua habari za Fuladoyo huko bara ya Kilifi watalitambua jambo hili mara moja: watumwa waliokimbia wakajenga vijiji vyao, wakalima, wakajilinda. Katika miaka ya 1550 watoro wa Panama walikuwa na mfalme wao, Bayano, aliyewasumbua Wahispania mpaka wakamkamata kwa hila. Mto na ziwa vimepewa jina lake hadi leo. Mwaka 1573 watoro wakaungana na haramia Mwingereza Francis Drake kuuvamia msafara wa nyumbu karibu na bandari ya Nombre de Dios. Drake mwenyewe alirudi akafia kwenye maji ya Portobelo Januari 1596, akazikwa baharini ndani ya jeneza la madini ya risasi. Watoro walibaki.

Wajukuu wa watu hao ndio wenyeji wa pwani ile, na ngoma yao inaitwa Congo. Kuna malkia, kuna Pajarito anayetoa onyo kwa filimbi, kuna shetani mwenye kiboko ambaye ndiye bwana mwenye watumwa. Nguo huvaliwa ndani nje, na Kihispania huzungumzwa kinyumenyume, ndiyo inakuwa siyo, ili bwana asielewe. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2018. Msimu wake mkubwa ni wakati wa kanivali, kabla ya Kwaresima. Na tarehe 21 Oktoba kila mwaka mahujaji wa Kristo Mweusi, sanamu ya Yesu iliyo mjini humo, hufurika wakiwa na kanzu za zambarau, wengine wakitambaa kwa magoti hadi kanisa la San Felipe. Siku hiyo usiende kama una ndege ya usiku. Hutatoka.

San Lorenzo, ngome iliyo juu ya mwamba penye mlango wa mto Chagres, ina mandhari kuliko zote. Morgan aliichukua kwanza kabla ya kwenda kuichoma Panama. Lakini iko ndani ya msitu, inataka gari lako mwenyewe, na kwa siku moja huwezi kuifunga pamoja na Portobelo bila kuchoka. Mimi ningeiacha. Tangu 2012 UNESCO imeziweka ngome hizi zote mbili kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na ukiziona nyufa na magugu utajua sababu.

Uhuru wa mara mbili

Hapa jiji lina kura yangu, angalau kwa macho. Uhuru wa kwanza, wa kutoka Hispania, ulitangazwa tarehe 28 Novemba 1821 bila vita ya maana. Inasimuliwa kuwa askari wa Hispania walipewa chochote waondoke, wakaondoka. Panama ikajiunga kwa hiari na Kolombia, nchi kubwa ya mkombozi Simón Bolívar. Ukiwa Casco Viejo utaingia ukumbi ambamo mwaka 1826 wajumbe wa jamhuri mpya walikutana kwa mwaliko wake kuzungumzia umoja wa bara. Anayekumbuka Addis Ababa ya 1963 ataelewa walichokuwa wakikitafuta, na walivyokikosa.

Ukitoka hapo tembea hadi ncha ya rasi, kwenye uwanja wa Plaza de Francia. Kuna mnara wenye jogoo juu yake, kumbukumbu ya Wafaransa walioshindwa kuchimba mfereji. Watalii hupiga picha na jogoo. Wachache wanajua kuwa hapohapo, Mei 1903, alipigwa risasi Victoriano Lorenzo, kiongozi wa wakulima wenyeji aliyepigana upande wa Waliberali katika Vita vya Siku Elfu, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Kolombia. Miezi sita baadaye nchi ikajitenga na Kolombia.

Kujitenga huko, Novemba 1903, ndiko vituko vyenyewe. Seneti ya Kolombia ilikuwa imekataa mkataba wa kuwapa Wamarekani ardhi ya mfereji. Wakubwa wa Panama, wakiongozwa na Manuel Amador Guerrero, daktari wa kampuni ya reli, wakaamua kujitoa, huku Washington ikiwakonyeza. Tarehe 2 manowari ya Marekani, Nashville, ilitia nanga Colón. Asubuhi ya tarehe 3 wakashuka palepale Colón askari karibu 500 wa Kolombia waliotumwa kuzima fitina. Msimamizi wa reli, Mmarekani aitwaye James Shaler, akawapokea majenerali wao kwa heshima zote, akawaonyesha behewa maalumu lililo tayari, akawaambia watangulie Panama, askari wangefuata mabehewa yakipatikana.

Majenerali wakapanda. Mabehewa hayakupatikana.

Jioni ileile majenerali walikamatwa Panama na askari wa kikosi cha mji, ambao kamanda wao, Esteban Huertas, alikwisha kununuliwa. Meli moja ya Kolombia ikafyatua mizinga michache mjini, ikaua Mchina mmoja na punda. Hao ndio waliokufa. Kule Colón, kanali aliyeachiwa askari alikaa siku mbili akitishia kuwaua Wamarekani, hadi alipopewa dola 8,000 na kreti mbili za shampeni, akapanda meli na watu wake, akaenda zake.

Kwa hiyo tangazo la uhuru lilisomwa jijini, lakini uhuru wenyewe ulipatikana kwenye jukwaa la stesheni ya Colón. Tatizo ni kwamba ukienda Colón kuutafuta, hutaona kitu. Mji umechoka, majengo ya mbao ya zamani yanaanguka, hakuna wa kukuonyesha. Kama wewe ni mtu wa kutaka kuona ndipo uamini, jiji linashinda hapa.

Na jiji linakupa pia bei iliyolipwa. Wiki mbili baada ya kujitenga, tarehe 18 Novemba 1903, Mfaransa Philippe Bunau-Varilla alitia saini mkataba kwa niaba ya Panama, wajumbe wa Panama wenyewe wakiwa bado njiani kuja Washington. Marekani ikapata ukanda wa maili kumi upana, bahari hadi bahari, milele, itawale "kana kwamba" ni mwenye nchi. Maili kumi! Mtu wa Mwambao akisoma hivyo lazima asimamishe kijiko. Sisi nasi tulikuwa na ukanda wetu wa maili kumi tangu 1895, bendera ya Sultani wa Zanzibar juu, Mwingereza ndani, mpaka Desemba 1963. Wa kwetu uliisha kwa karatasi. Wa Panama uliisha kwa damu kwanza: tarehe 9 Januari 1964 wanafunzi walikwenda kupandisha bendera ya nchi yao karibu na shule ya Wamarekani ya Balboa, bendera ikachanwa katika purukushani, na ghasia zilizofuata ziliua Wapanama zaidi ya 20 na askari wanne wa Marekani. Barabara iliyopakana na ukanda ule, iliyokuwa ikiitwa Nne ya Julai, sasa ni Avenida de los Mártires, Barabara ya Mashahidi. Mkataba wa Torrijos wa Panama na Carter wa Marekani ulitiwa saini 1977, na mfereji ukakabidhiwa mchana wa tarehe 31 Desemba 1999. Mwaka 2025 Trump aliposema ataurudisha mikononi mwa Marekani, sijui kama alitambua ametamka neno hilo mbele ya watu wenye barabara ya jina hilo.

Mfereji wenyewe

Wengi huja kwa ajili ya huu, na wengi hupelekwa Miraflores bila kuulizwa. Nami nilikwenda. Nilifika saa sita mchana, jua la utosi, nikakuta jukwaa limejaa watu wanaotazama maji yasiyo na kitu. Sikuwa nimejua kwamba asubuhi meli hutoka Pasifiki kupanda, mchana huja zile za Atlantiki zikishuka, na katikati ya hapo kuna saa mbili au zaidi za ukimya. Nilikula maandazi yao mabaya mawili kabla mlingoti wa kwanza haujaonekana. Basi ukichagua Miraflores, nenda asubuhi na mapema, au baada ya saa nane.

Ukifika kwa wakati, ni kitu. Meli inapita mita chache kutoka uso wako. Vichwa vya treni vidogo vya rangi ya fedha vinaishika kwa kamba za chuma pande zote mbili isigonge ukuta, na jina lake ni mulas, nyumbu. Kutoka nyumbu wa fedha ya Potosí hadi nyumbu wa umeme, njia ni ileile na mzigo bado si wa wenyeji. Upana wa chumba cha maji ni mita 33.5, na kuna meli zilizojengwa kwa kipimo hichohicho zikaacha nafasi ya kupitisha mkono tu.

Kule Atlantiki una jukwaa la Agua Clara. Hapa unatazama kwa mbali na kutoka juu, lakini unaona mfumo mzima. Mbele yako kuna malango mapya yaliyofunguliwa tarehe 26 Juni 2016, vyumba vyenye urefu wa mita 427 na upana wa 55, ambamo meli huongozwa na tagi, vile vimeli vya kuvuta, badala ya nyumbu. Ng'ambo kidogo ni malango ya Gatún ya mwaka 1914, ngazi tatu mfululizo zinazopandisha meli hadi mita 26 juu ya bahari. Na nyuma yake ni ziwa. Miraflores haikuonyeshi ziwa, na bila ziwa hujauelewa mfereji. Meli hazipiti kwenye mtaro wa maji ya bahari. Zinapandishwa hadi ziwa la maji baridi lililotengenezwa kwa kuufunga mto Chagres, zinalivuka, zinapita mkato wa mlima wa Culebra, zinashushwa. Kila safari humwaga baharini karibu lita milioni 200 za maji ya mvua. Ndiyo maana mvua zilipokosekana 2023 idadi ya meli kwa siku ilipunguzwa kutoka 36 au zaidi hadi zikabaki 22 mwezi Desemba, na ndiyo maana sasa kuna mpango wa kufunga mto mwingine, Río Indio, ambao wakulima wake hawataki kuhamishwa. Wanazo sababu. Chini ya ziwa la Gatún kuna miji iliyohamishwa ili maji yapande. Meli za kontena zinapita juu yake.

Ferdinand de Lesseps, yule wa Suez, hakutaka ziwa. Alitaka mtaro ulio sawa na bahari, kama alivyofanya jangwani, na hakuna mtu aliyemweleza akasikia kwamba msitu wenye mito si jangwa. Kazi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1880, kampuni ikafilisika 1889, na waliokufa wanakisiwa kufika 22,000, wengi kwa malaria na homa ya manjano. Hospitalini kwao miguu ya vitanda iliwekwa ndani ya bakuli za maji ili siafu wasipande. Mbu wakazaliana humo humo, chini ya wagonjwa. Wamarekani walipochukua kazi 1904, daktari William Gorgas alianza na mbu, na kufikia mwisho wa 1905 homa ya manjano ilikuwa imekoma jijini.

Bado kumbukumbu za Wamarekani zinahesabu vifo 5,609 hadi kazi ilipokwisha, na wengi mno ni watu weusi wa visiwa vya Karibi. Barbados peke yake ilitoa vibarua kama 20,000. Mzungu wa Marekani alikuwa kwenye daftari la dhahabu, mweusi kwenye daftari la fedha, senti kumi kwa saa, foleni yake, posta yake, kantini yake. Waliojua habari za makuli wa reli ya Uganda, karibu 2,500 waliokufa miaka michache tu kabla ya hapo, watauona mkono uleule.

Jiji lina jumba dogo la makumbusho la Waafrika wa Karibi, ndani ya kanisa la mbao, na ni heri kuliona kuliko kutoliona. Lakini makaburi yako upande wa Colón, Mount Hope, kilima kilichozikwa watu tangu enzi za reli ya 1855. Na kuna jambo jingine ambalo linaufanya upande huu kuwa mzito kwangu kuliko ule. Zege la malango ya Gatún lilihitaji mawe na mchanga. Mawe yalivunjwa Portobelo. Mchanga ulichotwa Nombre de Dios. Bandari mbili ambazo fedha ya watumwa ilitokea zilisagwa zikamiminwa kuwa kuta za mfereji.

Sasa, uchague

Ukiwa na chini ya saa nane kati ya ndege na ndege, baki jijini na usihuzunike. Miraflores saa mbili asubuhi, Casco Viejo hadi mchana, Panamá Viejo ukiwa njiani kurudi uwanja wa ndege wa Tocumen, kwa kuwa iko upande huo. Ukiwa na watoto wadogo au mzee, vilevile. Barabara za mji mkongwe ni fupi, kivuli kipo, na vyoo utavikuta. Ukitoka Casco usipite El Chorrillo ukishangaa-shangaa. Ni mtaa wa watu maskini ulioungua Wamarekani walipovamia Desemba 1989, na wenyewe hawapendi kupigwa picha.

Mvua ni jambo la kuzingatia. Upande wa Colón hunyesha zaidi sana, na nje ya miezi ya kiangazi, Januari hadi Aprili, jiandae kuloa. Colón mjini usitembee kwa miguu na simu mkononi, wenyeji watakwambia hivyo kabla hujauliza. Mabasi ya kwenda Portobelo yapo, yana rangi na muziki kama matatu zetu, ila kwa mwenye ndege ya kuwahi mimi napendekeza kukodi gari na dereva kwa kutwa, mkielewana bei kabla. Fedha ni dola, ingawa wao huiita balboa.

Na chakula, jiji lina soko la samaki lenye sifa. Lakini Portobelo mama mmoja aliniletea sahani, nikainama kuinusa, nikamtazama. Wali wa nazi. Na ndani ya wali, mbaazi. Wao huziita guandú. Pembeni samaki wa kukaanga na ndizi mbichi zilizopondwa zikakaangwa mara mbili. Nilimwambia kwa Kihispania changu kibovu kuwa nyumbani kwetu ndicho tunachokula, akauliza nyumbani ni wapi, nikasema Afrika, Mombasa, pwani. Akaongeza mbaazi.

Kwa hiyo mpwa wangu, mwenye saa kumi na nne, nilimwambia hivi: toka jijini saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya msongamano. Kata kulia Sabanitas, uwe Portobelo kabla jua halijawa kali. Ngome, Forodha, kanisa, chakula cha mapema. Saa saba uondoke, upitie Mount Hope kama dereva anapajua, saa nane uwe Agua Clara, wakati meli zilizoingia Pasifiki asubuhi zinafika kushushwa. Saa kumi uanze kurudi. Alinitumia picha moja tu, ya mkono wake juu ya ukuta wa matumbawe, na swali: "Ami, huku si kwetu?"